Kamera Yangu Mpya ya Zamani, na Harusi ya Bugarama

Jamani, leo nimejianika mwenyewe. Hakuna aliyenisema. Nimejisema kwa mdomo wangu, kwa sauti yangu, kwenye spika mbili kubwa, katikati ya harusi ya watu. Sasa hivi nimekaa kitandani Kamembe, viatu bado vina tope la mpunga, simu inalia na sipokei. Kwa kuwa wengi wenu mmeshaanza kusikia vipande vipande (asante, Bugarama, kwa kasi yenu), afadhali niwape kisa kizima mwenyewe, tangu mwanzo.

Mimi napiga picha za harusi. Hilo mnalijua. Msilolijua, ambalo tangu leo saa tisa linajulikana hadi kwenye vinu vya mpunga, ni kwamba mwaka mzima sasa nampenda Nadine, na yeye ananipenda. Nadine ni mdogo wake Solange. Solange ndiye aliyeolewa leo. Baba yao tunamwita Papa Solange, kwa jina la mtoto wa kwanza, kama ilivyo kwetu. Ni mtu wa mashamba ya mpunga, alikulia Bukavu kama mimi, na kwa siku nzima anatumia maneno machache tu. Anakuangalia viatu kwanza, ndipo anaitikia salamu. Habari yangu na binti yake hakuijua kabisa.

Mpango ulikuwa wa Nadine. Aliwaambia nyumbani kwamba Kamembe kuna mpiga picha mzuri, wamchukue. Wakanichukua. Mimi nipige picha nzuri, Papa azione, afurahi. Wiki mbili zikipita, nimtume baba yangu mdogo wa Gashonga aende kufungua mazungumzo kwa adabu. Ila Nadine alinionya kwamba Papa hapendi vijana wa maneno mengi. Anasema kijana anayesema sana analima kidogo.

"Siku ya mariaje kazi yako iko mbili tu, Fidele," aliniambia. "Upige foto, na ufunge kinywa."

Kazi mbili. Mtoto wa shule ya chekechea angeziweza.

Sasa kamera. Ile yangu ya kawaida ni ndogo, nikiishika watu wananiuliza mpiga picha mwenyewe anakuja saa ngapi. Kwa harusi hii nilitaka kamera ya heshima. Nikavuka daraja la mpakani, nikaenda Bukavu kwa mzee mmoja aliyekuwa mwandishi wa gazeti, amestaafu, anauza vitu vyake. Akanitolea kamera kubwa nyeusi, ya wale watu wa kazi hasa, pembe zake zimechubuka mpaka chuma kinaonekana. Ya kidijitali, ndiyo, lakini ya miaka ile simu zilikuwa bado na vitufe. Haipigi video. Haijui simu ni nini. Kadi yake ni nene kama biskuti. Ukipiga picha inatoa mlio, KLAK, mpaka kuku wanakimbia. Lakini picha zake, jamani! Ngozi ya mtu inatoka rangi ya mtu. Niliipenda palepale.

Mzee alitaka kunielezea kila kitufe. Akaanza na cha kwanza, taratibu, miwani puani. Mimi nilikuwa na haraka ya kurudi ng'ambo, halafu kulikuwa na vitufe vingi. Nikamkatiza.

"Papa, hii kazi minajua."

(Muishike hiyo sentensi. Siku nikifa muiandike juu ya kaburi langu.) Mzee akanitazama, akavua miwani, akanifungia kamera kwenye gazeti.

Wiki nzima nikaifanyia majaribio, na dalili zilikuwepo. Siwezi kusema sikuonywa. Kila nikipiga picha, nyuma ya kamera kulikuwa na alama ndogo inayowaka na kuzimika. Nikasema ni betri ya kizee, inapumua. Nilipohamisha picha kwenye kompyuta, kila picha ilikuwa na kifaili kidogo pembeni yake, namba ileile. Mtu mwenye akili angefungua kimoja aone ni nini. Mimi nilisema ni takataka za kamera ya zamani, nikafuta vyote, nikajisifu kwa usafi.

Leo alfajiri nikapanda moto, yaani pikipiki ya abiria. Tukapita Nyakarenzo, tukapita Gashonga, baridi bado ipo, na kamera nimeipakata kifuani mfano wa mtoto mchanga. Kufika Bugarama, joto hilo! Saa mbili asubuhi tayari shati limeshanikamata mgongoni. Mambo yote yalikuwa ya siku moja: asubuhi gusaba nyumbani kwa Solange, halafu kanisa, halafu picha mashambani, halafu ukumbi.

Kwa ndugu mnaosoma mkiwa mbali, gusaba ni pale familia ya kijana inapokuja kuomba msichana. Na kanuni kubwa ni kwamba kijana hajiombei. Anakaa kimya kwenye kiti, ananyoosha shingo, basi. Anayesema ni mzee wa upande wake. Anayejibu ni mzee wa upande wa msichana, na huyo kazi yake ni kuwasumbua wageni mpaka watoke jasho. Leo aliyejibu alikuwa Mzee Gaspard, kaka mkubwa wa Papa Solange, mwembamba, ana fimbo, na uso hauna hata chembe ya kicheko. Wageni waliposema wamekuja kuomba Solange, akawaambia labda wamepotea nyumba, hapa wanauza mchele tu, wanataka kilo ngapi. Msemaji wa wageni alipokaa kabla ya kuambiwa akae, Mzee Gaspard akamtoza icyiru, yaani faini ya kosa, kreti ya Fanta palepale. Watu wakacheka, wageni wakalipa, Solange akatolewa. Ilikuwa raha tupu.

Nami nikawa kazini. KLAK, KLAK. Papa Solange aliitazama ile kamera mara mbili, halafu akaniitikia kwa kichwa. Kwa kichwa! Nadine alikuwa anapita na sinia, akaona, akatabasamu upande mmoja. Nikajiona mkwe tayari.

Lakini lazima niungame jambo. Nina ugonjwa. Nikipiga picha, naongea peke yangu. Chini chini, ndani ya meno, kama mtu anayetafuta ufunguo alioupoteza. Sijui kwa nini. Mikono haifanyi kazi kama mdomo haufanyi. Kwa hiyo ilikuwa KLAK, nasema kitu. KLAK, nasema kingine. Mtu wa jirani hasikii, na kamera ni kamera, itamwambia nani?

Tukaenda kanisani. Pasta alihubiri kwa muda mrefu, sitasema zaidi (nilishasema zaidi, mtasikia). Baada ya hapo tukashuka mashambani kwa picha za maharusi. Mpunga umesimama vizuri wiki hizi, kijani mpaka mlimani. Solange akataka kubadilisha viatu kwanza maana visigino vilikuwa vinazama, wenzake wakamzunguka na kitenge, nikabaki peke yangu kwenye njia ya katikati ya maji. Nikapiga picha moja ya njia tupu, kupima mwanga. KLAK.

Pale ndipo shetani aliponipata. Nilikuwa nimesimama, upepo unavuma, moyo umejaa mambo ya asubuhi. Nikamfikiria Mzee Gaspard na fimbo yake. Nikamfikiria baba yangu mdogo, ambaye akisimama mbele ya watu anasahau hata jina lake. Nikasema, je, siku ile ikitokea Papa Solange akanigeukia mimi mwenyewe akaniuliza? Afadhali nijiandae. Nikafumba macho, nikasafisha koo, nikafanya mazoezi. Sitawaambia nilisema nini. Mtasikia, kama wote walivyosikia.

Saa nane tukawa ukumbini. Chakula kilikuwa kimechelewa. (Bugarama, nyumbani kwa mchele, na kilichochelewa ni mchele.) Siku hizi watu wakisubiri chakula wanaonyeshwa picha za asubuhi kwenye kitambaa cheupe, na mtu wa muziki ndiye anayeshika mitambo. Huyu anaitwa Papy. Nikampa ile kadi nene na kifaa changu cha kuisomea. Papy ni mtu wa kazi, akaniuliza kama nataka anichagulie zilizotoka vizuri. Karibu yetu alikuwa amekaa Papa Solange. Nilimwona kwa pembe ya jicho. Nikapandisha sauti kidogo.

"Weka zote. Mie sipigake foto mbaya."

Papy akazichota zote kama zilivyo, picha na zile takataka zake, akazitupa ndani ya programu yake ya kuchezea nyimbo, akabonyeza.

Picha ya kwanza ikatoka: Maman Solange mlangoni asubuhi, kilemba chake cha dhahabu kimesimama. Ukumbi wote ukasema aaa. Kweli ilikuwa picha. Maman mwenyewe akaweka mkono shavuni. Nikakunja mikono, nikasubiri pongezi. Kisha picha ikaondoka, kitambaa kikawa cheusi, na kwenye spika mtu akakohoa.

Nilikijua kikohozi kile. Nimeishi nacho miaka yote.

"Maman, mzuri, mzuri sana, usitingishike," spika zikasema, kwa sauti ya adabu. Halafu chini chini, lakini spika za Papy hazijui chini chini: "Eh, Mungu wangu, hii kilemba. Nikiweka kilemba, miguu inabakia inje. Nikiweka miguu, kilemba inaenda Burundi."

Wazo langu la kwanza lilikuwa, huyu mpumbavu ni nani mwenye sauti kama yangu. La pili sikuwa na muda wa kulimaliza, maana picha ya pili ilishatoka: bwana harusi amekaa kwenye kiti cha gusaba. Picha ikaondoka. Sauti ikaja. "Kaka, pumua. Bibi haumake muntu." Watu wakaanza kugeuka, wananitafuta. Mimi ndiye mwenye kamera kubwa shingoni. Haikuwachukua muda.

Nikamkimbilia Papy. Kati yetu kulikuwa na meza ya keki, na pembeni yake wasimamizi wa bibi harusi, sita, na magauni mapana. Hakuna njia. Nikampungia mikono. Papy naye alikuwa ameshashtuka, akanyoosha kidole azime. Lakini Mzee Gaspard, aliyekaa jirani na mitambo, akanyanyua fimbo yake akaiweka juu ya meza, polepole, mbele ya mkono wa Papy.

"Acha," alisema. "Tunasikiliza."

Papy akarudisha mkono. Mimi pia ningeurudisha.

Ikatoka picha ya kanisani, pasta amenyanyua Biblia, mwanga wa dirishani umemwangukia bega, picha ambayo ningeiweka ukutani. Ikaondoka. "Hii njo amina ya saba," nikanong'ona kwa ukumbi mzima. "Pasta, uhurumie betri yangu." Pasta alikuwa meza ya mbele. Akainamisha kichwa. Mabega yake yakawa yanatikisika, na mpaka leo jioni sijui kama alikuwa anacheka au anaombea roho yangu. Watu wengine hawakujificha, walikuwa wanapiga meza.

Halafu akatoka Papa Solange. Amesimama mbele ya kanisa, koti jeusi limemkaa, mkono mmoja kwenye mfuko. Mimi nikaomba umeme ukatike. Umeme wetu, ambao una tabia ya kukatika hata bila kuombwa, leo ukakaa.

"Papa, simama vile vile, ni mzuri," nikasikia nikisema. "Eh. Hii koti. Hii koti njo alioaka nayo, akuna ingine. Ona mabega."

Hakuna aliyecheka. Papa Solange akasimama. Aliweka soda yake chini, akanitafuta kwa macho mpaka akanipata, akanitazama viatu, akapanda mpaka usoni.

"Njo nilioaka nayo," alisema.

Akalifungua lile koti, akawageuzia watu upande wa ndani, palipotiwa viraka kwa uzi wa rangi nyingine. Akasema lilishonwa Bukavu kwa harusi yake mwenyewe, na kwamba mama yao ndiye aliyelishona upya wiki hii ili Solange aolewe baba yake akiwa amelivaa. Maman Solange akaitikia, ndiyo, vidole bado vinamuuma. Watu wakapiga makofi. Wengine wakapiga vigelegele. Bibi harusi akajifuta machozi. Na mimi, nawaambia ukweli, nilipumua. Nikasema Mungu ni mwema, nimeponea kwenye koti.

Ndipo ikatoka picha ya njia tupu katikati ya mpunga.

Nilijua mara moja. Nikasema, "Papy, tafadhali," lakini sauti yangu ya kweli ilikuwa ndogo kuliko ile ya spika.

"Bazee, mie naitwa Fidele," spika zikaanza, kwa sauti nzito, kama ya mtu anayesoma matangazo ya kanisani. "Hapana. Anza tena. Papa Solange, na heshima yote. Mie na Nadine tunapendana. Mwaka muzima. Ile siku ya ine anasemaka anaenda ku repetisyo ya koro ya kanisa, haendake ku koro. Anakuyaka ku studio, ananiletea sombe." (Sombe ni kisamvu, kwa mnaosoma mkiwa mbali.) Hapo upepo wa mpunga ukasikika vizuri sana. "Hapana. Hiyo ya sombe usiseme. Papa atakasirika. Toa sombe."

Ukumbi ulilipuka. Niliona mzee mmoja akishikilia nguzo ya ukumbi. Lakini sauti haikuwa na huruma, iliendelea juu ya vicheko.

"Papa, unipe Nadine. Niko na studio, niko na kamera ya kazi. Nitamutunza. Na ukikatala..." Upepo tena. "Ukikatala, mie nitarudia Bukavu nilie tu."

KLAK. Ikaisha.

Nadine alikuwa amesimama katikati ya meza, na sinia la Fanta mikononi. Hakunitazama. Alimtazama mama yake, na mama yake alikuwa anamtazama yeye, na ilikuwa wazi kabisa kwamba Maman anahesabu zile siku za ine zote, Alhamisi za mazoezi ya kwaya, moja baada ya nyingine. Nadine akaweka sinia mezani polepole, akatoka nje kupitia mlango wa jikoni. Hapo, ndugu zangu, sikuona tena cha kuchekesha. Moyo uliniuma hasa. Mimi kuaibika nimezoea. Yeye alikuwa ameniamini kwa kitu kimoja tu, kinywa changu, na nilikuwa nimekimwaga mbele ya watu wote aliozaliwa nao.

Mzee Gaspard akanyoosha mkono, akapewa mikrofoni. Akasimama kama alivyosimama asubuhi kwenye gusaba, fimbo mbele, uso uleule.

"Nimesikia sauti," alisema. "Bazee ba ile sauti, sijabaona. Kwetu hatujibuke spika. Kama kuko muntu nyuma ya ile sauti, aende atafute bazee benye kinywa, bakuye bapige hodi ku mulango, kama bantu."

Kisha akanitoza icyiru. Kreti moja ya Fanta kwa kujiombea mwenyewe, maana tangu azaliwe hajaona. Nyingine kwa kuomba katika gusaba ya mtu mwingine. Na kuhusu kilemba, akasema hilo ni la Maman mwenyewe. Maman Solange akasema yeye hataki Fanta. Anataka apigwe picha upya, sasa hivi, kilemba na miguu vyote ndani, na mpiga picha arudi nyuma mpaka avipate. Nikarudi nyuma. Watu wakasema bado. Nikarudi nyuma tena mpaka nikatoka mlangoni, nikiwa nimepiga magoti juani, ukumbi mzima unanielekeza kama dereva wa lori. Nikapiga. KLAK. Nikafunga mdomo kwa mkono, na watu wakashangilia.

Nilipokuwa bado nje, nikijifuta jasho, Nadine akatokea upande wa jikoni. Macho yalikuwa mekundu. Akasimama mbali kidogo.

"Nilikuambia kazi mbili," alisema.

Nikamwomba msamaha. Niliomba kweli, bila mapambo, nikamwambia kwamba nimemwaibisha na ninajua. Halafu, kwa kuwa mimi ni mimi, nikaongeza kwamba angalau picha zimetoka vizuri.

"Njo ile kazi moja ulifanya," akajibu. Alijaribu kubaki na hasira. Lakini nikaona mdomo unamponyoka upande mmoja, akageuka haraka, na alipokuwa anaingia ndani nikamsikia anasema peke yake, chini chini, "Toa sombe." Akacheka peke yake mpaka akashika ukuta.

Mchele ukafika. Nilikula nimesimama nyuma ya ukumbi, nikitafuta namna ya kuondoka bila kuaga. Papa Solange akanikuta hapohapo, sahani mkononi. Akanitazama viatu. Vilikuwa vimejaa tope la shamba lake.

"Ile foto yangu na koti," alisema. "Iko?"

Nikamwambia ipo.

"Utaniletea." Akatafuna, akameza, hakuwa na haraka. "Uilete ku nyumba. Siku yenye utakuya na bazee."

Akaenda zake. Ilinichukua muda kuelewa nilichoambiwa. Nilipoelewa, sahani ilikuwa imeshainama na maharage yote yako kwenye kiatu.

Nimerudi Kamembe nikampigia yule mzee wa Bukavu. Nikamuuliza kama kamera yake ina kawaida ya kusikiliza watu. Akasema bila shaka. Kila alipompiga mtu picha alikuwa anamtaja jina palepale, kamera inashika, jioni anajua aandike nini chini ya picha. Aliiweka irekodi yenyewe, baada ya kila picha, miaka na miaka. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema alikuwa anafika kwenye kitufe hicho, ila nilimwambia kazi naijua. Kisha akaanza kucheka, akakohoa, mke wake akachukua simu akanitakia usiku mwema.

Na sasa hivi, nikiwa katikati ya kuwaandikia haya, amepiga baba yangu mdogo wa Gashonga. Nikapokea, maana huyo lazima nipokee. Habari imemfikia kwa moto tatu tofauti. Ameumia kidogo. Ameniuliza, kama nimeshajiombea mwenyewe, yeye amebaki na kazi gani. Nikamtuliza, nikamweleza maneno ya Papa Solange. Akasema basi ataenda, na mzee wa jirani yake, na ameanza leo kujifunza jina lake kwa moyo. Ila ana sharti. Kamera ibaki Kamembe, picha watapiga wengine, na mimi nikae kwenye kiti ninyooshe shingo.

"Ile siku kazi yako itakuwa moja tu," alisema. "Kufunga kinywa. Utaweza?"

Kabla sijafikiri, nilishamjibu:

"Papa, hii kazi minajua."